Kifaa cha dharura cha ndege pekee hakimwokoi rubani
Wapo wanaoamini kwamba rubani wa kijeshi yuko salama maadamu ndege yake imefungwa kifaa cha kutuma ishara za dharura. Sivyo. Ndege ikizama Ziwa Victoria, kifaa huzama nayo, na mawimbi yake ya redio ya 406 MHz hayapenyi maji. Ikigonga Milima ya Rwenzori, antena inaweza kukatika papo hapo. Kinachobaki ni kile rubani alichovaa.

Kwa hiyo kifaa cha binafsi cha kutuma ishara za dharura kikae kwenye mfuko wa fulana ya uokoaji, kimefungwa kwa kamba, kamwe si kwenye begi nyuma ya kiti. Chagua chenye 406 MHz, GPS na 121.5 MHz: mawimbi ya kwanza hufika kwenye setilaiti, ya mwisho huwaongoza waokoaji wakishakaribia. Cha 121.5 pekee usinunue; setilaiti ziliacha kuyasikiliza mawimbi hayo Februari 2009. Ukikiwasha, simamisha antena wima penye anga wazi, na usikizime ili kuokoa betri.

Njia nyingine za kuwaita waokoaji zina mipaka yake. Kioo cha ishara, kinachoakisi mwanga, huhitaji jua. Chini ya miti ya msitu wa Bwindi tegemea filimbi. Fataki za moto kwenye nyasi kavu za Karamoja zinaweza kukuunguza mwenyewe.