Ugonjwa sugu maana yake nini, na mhudumu wa afya wa kitongoji anahusikaje

Neno "sugu" limebeba mizigo mingi. Kuna sugu ya kiganjani inayoachwa na mpini wa jembe. Kuna mtoto sugu, asiyesikia la mkubwa. Kuna na kifua kikuu sugu, kile ambacho dawa za kawaida zimeshindwa kukitibu. Basi mzee wa Kibosho, huku kwetu mteremkoni Kilimanjaro, akiambiwa kisukari chake ni ugonjwa sugu, usishangae akielewa kwamba dawa hazikiwezi. Na kama hazikiwezi, anazimeza za nini?

Kitabibu, ugonjwa sugu ni ule wa kukaa nao muda mrefu, mara nyingi maisha yote. Malaria ya kawaida unameza dawa mseto siku tatu, imekwisha. Presha haina siku ya tatu. Dawa yake inafanya kazi vizuri tu, ila kazi yenyewe ni kuushika ugonjwa usilete madhara, na ukiiacha unafunguka tena. Pumu na kifafa vimo humo humo. Wengi hudhani "sugu" na "yasiyoambukiza" ni kitu kimoja, lakini VVU huambukiza na siku hizi, kwa sababu ya dawa, ni ugonjwa wa kuishi nao miaka na miaka.

Hapo ndipo anapoingia mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Si daktari, si nesi, na haandiki dawa. Ni mtu wa kitongoji hicho hicho, anayejua nani anaumwa na njia ipi ya mgombani inafika kwake. Hospitali kubwa Moshi zipo, Mawenzi na KCMC, lakini mgonjwa wa presha huonana na daktari dakika chache kwa mwezi. Siku zilizobaki yuko nyumbani na sufuria yake.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, somo la kwanza la mhudumu huyu lisiwe kongosho, kile kiungo kinachohusika na kisukari. Liwe kuuliza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Bibi, naomba nione dawa zako."

Bibi anatoa kopo, ndani yake vipakiti vya nailoni vimeandikwa 1x2. Anameza vipi? Viwili kwa pamoja, asubuhi, kwa sababu moja mara mbili ni mbili. Hesabu yake haina kosa hata kidogo! Ila mfamasia alikusudia kimoja, kutwa mara mbili. Kosa kama hilo halionekani kwenye bango la ukutani wala kwenye hotuba ya mkutano wa kijiji. Linaonekana kopo likifunguliwa.

Chakula nacho kina namna yake. Ukimwambia Mchaga aache ndizi umeshafukuzwa, hata kama kwa heshima utaachwa umalize uji. Mhudumu aliyefundwa vizuri anazungumzia kiasi cha machalari (ndizi zilizopikwa na nyama) kwenye sahani, mboga iongezwe, na chumvi ya kuongezea mezani iondoke. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuingia jikoni. Mbege, pombe yetu ya ndizi? Hapo panahitaji uso mkavu na uhusiano wa muda mrefu.

Kuna na dalili zisizosubiri kliniki. Mwenye kisukari anayetumia dawa akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuongea ovyo, huenda sukari imeshuka: akiweza kumeza apewe maji ya sukari, akiwa hajitambui asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Mdomo ukipinda na mkono mmoja ukalegea ghafla, hiyo ni kiharusi mpaka daktari aseme vingine.

Kwenye visiwa vya Ziwa Victoria mafunzo hubadilika kidogo. Mtu wa kisiwa cha Ukara anayetakiwa kufika mjini Nansio lazima avuke maji hadi kisiwa cha Ukerewe, na ziwa likichafuka habari imeishia ufukweni. Huko mhudumu hufaa afundishwe kuhesabu vidonge na kumtuma mtu mapema, vingali vya wiki mbili. Ila mlimani kwetu, masika ikishika na udongo mwekundu ukaanza kuteleza, bodaboda haipandi, na kitongoji cha juu kinakuwa kisiwa nacho. Kuhesabu ni kule kule.

Insulini, dawa ya kisukari ya kuchoma sindano, ndiyo ngumu zaidi pasipo na friji. Huko juu baridi inasaidia. Tambarare ya Kahe jua halina huruma, na chupa huwekwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye chungu cha udongo chenye maji kilichokaa kivulini. Anayepata friji ya jirani aiweke mbali na sehemu ya barafu: insulini iliyoganda hutupwa, hata ikishayeyuka.