Maua ya miombo hayasubiri mvua

"Mvua zikianza tutakuja kuona maua." Maneno haya huyasikia kila mwaka, na juzi nimeyasikia tena kwa watu waliokuwa wanajiandaa kukata tiketi za treni waje Tabora mwezi Desemba. Nimewaambia wasije Desemba. Wamedhani nawakwepa, kwa hiyo naandika hapa, na safari ijayo nitawatumia watu ukurasa huu.

Miombo, misitu ya huku kwetu, huchanua kiangazi. Mtundu, myombo na mninga hutoa maua kuanzia Septemba hadi Novemba, na kilele chake ni Oktoba, nyasi za wilaya za Uyui na Sikonge zikiwa zimeungua na udongo umekuwa mgumu kama tofali. Mvua yenyewe huku huanza Novemba. Kwa mtu wa nyuki kama mimi, mvua kubwa ikiwahi ni hasara: huangusha maua, huosha mbochi, ule utamu wa maua wanaoufuata nyuki, na nyuki hukaa ndani ya mzinga.

Maji yanatoka wapi? Mizizi ya miti hii huenda chini sana, na shina nalo huhifadhi maji. Mti ukishapukutisha majani, hupoteza maji kidogo mno, shina hujaa tena, na vichipukizi hufunguka bila tone kutoka mbinguni.

Sasa linaloniudhi zaidi. Watu hupiga picha msitu mwekundu wa Septemba, wakaandika chini yake "maua ya miombo". Jamani, hayo ni majani! Majani machanga ya mtundu hutoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine ya waridi, na baada ya siku chache huanza kugeuka kijani. Maua yake ni madogo, meupe yanayoelekea kijani, petali karibu hayana, yamejibana kwenye ncha za matawi. Ukisimama chini ya mti huwezi kuyaona upesi. Utanusa kwanza, kisha utasikia mvumo wa nyuki juu, ndipo utafute kwa macho. Mtu aliyepiga picha ya wekundu akaondoka amepita chini ya bustani nzima bila kuiona, na hilo linanisikitisha kweli. Anayetaka ua la kuonekana kwa mbali amtafute mninga: huvaa manjano ya dhahabu mti mzima, mara nyingi kabla ya majani, lakini kwa muda mfupi tu.

Kwa nini majani yawe mekundu? Maelezo ya kawaida ni kwamba rangi hiyo, anthosayanini, hulikinga jani changa dhidi ya jua kali kabla halijakomaa. Wapo wanaosema hufukuza wadudu walao majani. Mjadala haujafungwa. Mimi naegemea upande wa jua, ila sina ushahidi wa kumnyamazisha anayenipinga.

Na kinachouamsha mti? Vitabu vingi hupita hapo haraka. Joto linalopanda na mchana unaorefuka vyote hutajwa, lakini havielezi kwa nini mwaka mmoja mitundu huchanua kwa wingi na mwaka unaofuata inatoa majani tu. Kalenda za maua tunazowapa wafugaji wa nyuki zina miezi iliyochorwa kwa mstari ulionyooka. Msituni hakuna mstari huo, na mavuno ya asali ya mwisho wa mwaka huonyesha hivyo.

Mnaonitajia muba, mti mwingine wa miombo, naam, muba huchanua masika. Lakini angalieni vizuri: huanza kuchanua mvua zikiwa zimekaa miezi, na huendelea zinapopungua. Asali yake ndiyo hubeba mavuno makubwa ya katikati ya mwaka. Hiyo haiufanyi mtundu kuwa muba.

Hata Uholanzi, kwenye bustani ya Keukenhof ambayo picha zake hujaa kwenye simu zetu kila Aprili, tulipu hazifunguliwi na mvua. Vitunguu vya maua hayo hupandwa kabla ya majira ya baridi kwa sababu vinahitaji baridi ya majuma mengi, kisha joto likirudi ndipo vichanue. Wao wana wapanda bustani. Sisi miti imejipanda yenyewe, na adui wake mkubwa wakati huo ni moto kichaa: ukipita Septemba au Oktoba, huunguza machipukizi na maua pamoja.

Basi njooni Oktoba. Ingieni msituni alfajiri, kabla jua halijakaza, mkiwa na mwenyeji anayejua mizinga ilipotundikwa, kwa maana nyuki wetu ni wakali. Vaeni nguo za rangi nyepesi zenye mikono mirefu. Manukato yaacheni nyumbani.