Dawa ya Dirishani Imepitia Mikono ya Nani?

Malalamiko yanayofika idara yetu ya famasia siku hizi yameongezeka, na ni ya aina mbili. Wapo wanaosema hospitali haina dawa, na wapo wanaosema dawa ipo ila tunaificha. Mengi yanakuja kwa Kiswahili, kutoka kwa wafanyabiashara wa mpakani, familia za askari na ndugu zetu waliokimbia Kongo. Uongozi umeniomba nieleze kwa lugha hiyo hiyo. Mimi ni mfamasia katika hospitali ya rufaa hapa Uganda, na ni katibu wa Kamati yetu ya Dawa na Tiba.

Niseme kwanza lile ninalolisikia kila asubuhi: "Daktari ameandika, nyinyi wa dirishani mnakataa." Dirisha la kutolea dawa halikatai. Dawa isipokuwepo, uamuzi ulishafanyika mahali pengine, na mahali penyewe panajulikana.

Kwa kawaida hakuna dawa inayoingia nchini kihalali kabla ya kusajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Wao hupima kama dawa ni salama, kama inafanya kazi inayodaiwa na kama imetengenezwa vizuri. Lakini kusajiliwa hakuifanyi kuwa dawa ya hospitali ya umma. Wizara ya Afya ina orodha yake ya dawa muhimu na mwongozo wake wa tiba, na kila dawa imepangiwa ngazi. Ipo inayoruhusiwa hata kwenye kituo kidogo cha afya cha daraja la pili, na ipo inayoanzia hospitali ya rufaa. Ndiyo maana mama anayetoka kituo cha kijijini anaweza kukuta kwetu dawa ambayo hakuiona kule. Muuguzi wa kule hakumnyima.

Ndani ya orodha hiyo, kila hospitali huchagua ya kwake. Hapo ndipo kamati yetu inapofanya kazi, na naomba mnivumilie nieleze utaratibu wote, kwa sababu watu wanadhani dawa huchaguliwa na mtu mmoja aliyekaa na muuzaji.

Mwenyekiti wetu ni daktari bingwa. Wajumbe hutoka kila idara: upasuaji, watoto, wazazi, maabara, uuguzi, uhasibu. Daktari anayetaka dawa mpya hujaza fomu. Huandika jina halisi la dawa, siyo jina la biashara la kampuni. Huandika ugonjwa unaokusudiwa, ushahidi kwamba dawa hiyo inashinda tuliyonayo, gharama ya tiba nzima kwa mgonjwa mmoja, na dawa ipi itoke ili hii iingie. Swali hilo la mwisho ndilo linalorudisha fomu nyingi. Kabla ya kikao kila mjumbe hutia saini kwamba hajapokea zawadi, safari wala posho kutoka kwa kampuni inayohusika; aliyepokea hutoka nje wakati wa mjadala. Kamati inaweza kukubali, kukataa, au kukubali kwa masharti, kwa mfano kwamba dawa iandikwe na bingwa tu. Uamuzi huandikwa na sababu zake, na mwombaji anaweza kukata rufaa katika kikao kinachofuata.

Mfano mzuri ni malaria kali. Bado wapo wazee wanaofika na mjukuu na kusema, "Mpeni kwinini ya dripu, hiyo ndiyo dawa ya nguvu." Kwinini ilituokoa miaka mingi, sitaidharau. Lakini mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto zaidi ya 5,400 katika nchi tisa za Afrika, Mbarara ikiwa miongoni mwa vituo. Katika kila watoto 100 waliopewa kwinini walikufa karibu 11. Waliopewa sindano ya artesuneti walikufa kati ya wanane na tisa. Artesuneti pia haishushi sukari ya mtoto kama kwinini, na haihitaji dripu ya saa nne inayochungwa na muuguzi mwenye wagonjwa 40. Sasa ndiyo chaguo la kwanza. Anayetaka ile ya zamani kwa kuwa ilimponya yeye mwaka 1985 anamwombea mjukuu wake tiba iliyopitwa.

Jambo hilo hilo linatokea kwa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano. Watu wanaidai kwa kila homa, na wakipewa amoksisilini wanaona wamedharauliwa. Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni katika kundi la antibiotiki za kuangaliwa, kwa sababu zikitumiwa ovyo wadudu huzizoea. Kwa kichanga, ikikutana mwilini na maji ya dripu yenye kalsiamu inaweza kuua. Sindano hiyo haitoki stoo kwetu bila jina la ugonjwa kwenye cheti, na haitatoka kwa sababu mtu amepiga kelele.

Sasa fedha. Serikali ilifuta ada katika vituo vya umma mwaka 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia. Wengi wakaelewa kwamba basi kila dawa iko bure na ipo daima. Hospitali haipewi noti za kununulia dawa. Fungu letu linakaa Bohari ya Taifa ya Dawa, ile mnayoiita NMS, nasi tunaagiza kwa mizunguko, lori likija kila baada ya miezi miwili. Fungu lisipotosha, tunakata kwa herufi tatu. V ni dawa ambazo zikikosekana mtu hufa: oksitosini ya mama anayevuja damu baada ya kujifungua, insulini, artesuneti. E ni za magonjwa mazito lakini yasiyoua kwa saa. N ni zile ambazo mgonjwa anaweza kuvumilia bila kuzipata. Tukikuandikia ukanunue multivitamini nje, ni kwamba fedha yake imeenda kwenye oksitosini. Hilo sitaliombea radhi.

Ninaloliombea radhi ni pale ambapo dawa ya V yenyewe inaisha kabla lori halijafika. Hutokea. Kila inapotokea tunaandika siku ilipoisha na siku iliporudi, na tunaazima hospitali jirani.

Kuhusu ulinzi: kila dawa ina kadi yake stoo, na kila mwezi tunahesabu kwa mkono na kulinganisha na kadi. Inayokaribia kuisha muda hutoka kwanza. Friji ya oksitosini husomwa asubuhi na jioni, nyuzi 2 hadi 8, kwa sababu ikipata joto hubaki sindano isiyofunga damu. Mofini, dawa ya maumivu makali, hukaa kwenye kabati lenye kufuli mbili, na kila mililita ina saini mbili. Dawa zilizoisha muda hutengwa, huandikwa na kuteketezwa chini ya usimamizi, hazimwagwi chooni.

Dawa za serikali zina chapa inayosema ni mali ya Serikali ya Uganda, haziuzwi. Ukiikuta chapa hiyo dukani au kliniki ya mtu binafsi, usinunue. Kuziiba, kuziuza na kukutwa nazo bila maelezo ni makosa ya jinai, na mfanyakazi wa hospitali hukabiliwa pia na hatua za kinidhamu na baraza lake la taaluma. Kukutwa nazo kunamhusu hata mnunuzi.

Na dawa za kupita njia za panya zina hatari kubwa kuliko faini. Jirani zetu wa Ituri, huko Kongo, kati ya mwisho wa 2014 na katikati ya 2015, walijaza wodi kwa watu waliokakamaa shingo, macho yakipinduka juu, ulimi ukitoka. Ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Zaidi ya watu elfu moja waliugua. Vidonge walivyokuwa wamemeza viliitwa diazepamu, dawa ya kutuliza. Vilipopimwa, ndani mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili.

Vilijulikana kwa sababu vilipelekwa maabara. Kwa hiyo dawa ikikudhuru au ikikutia shaka, ije yenyewe, pamoja na pakiti. Mama mmoja alinifungulia kavera, mfuko wa plastiki, yenye vidonge vyeupe, bila jina, bila karatasi. Mwanawe alikuwa amevimba midomo. Nilijaza fomu ya madhara, lakini kwenye mstari wa jina la dawa sikuwa na cha kuandika.

Mzee mwingine alirudi na chupa yetu wenyewe ya amoksisilini ya mtoto. Unga ulikuwa umegandamana kama sukari iliyolowa, na alikuwa ametunza kiboksi. Nilisoma namba ya toleo, nikafungua kadi ya stoo, nikaona wodi mbili zilizopewa toleo hilo. Kabla ya saa nane mchana chupa zote zilikuwa zimerudi stoo na kutengwa, na sampuli imefungwa kupelekwa NDA. Mzee alipewa chupa nyingine, ya toleo tofauti, akaifungua pale pale dirishani kuutazama unga wake.