Ubalozi wa Marekani sio ardhi ya Marekani

Hii imani imezoeleka sana, kwamba ukivuka tu geti la ubalozi basi ushaingia nchi ya watu. Hapana, ile ardhi inabaki ya nchi iliyoupokea ubalozi na sheria zake zinafanya kazi mle ndani. Kinachochanganya ni Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu mahusiano ya kidiplomasia, ibara ya 22, maana polisi hawaruhusiwi kuingia bila idhini ya mkuu wa ubalozi, sasa watu wakiona polisi wameishia getini wanahisi ni nchi nyingine, kumbe ni kinga tu. Hata mtoto akizaliwa mle hapati uraia wa Marekani kisa jengo, wanaangaliwa wazazi.

Mcheki Julian Assange, mwanzilishi wa WikiLeaks, ule mtandao wa kufichua siri za serikali. Kaingia ubalozi wa Ecuador pale London Juni 2012, kakaa karibu miaka saba polisi hawamgusi, alafu Aprili 2019 Ecuador ikamfutia hifadhi, balozi akawaruhusu polisi wakaingia wakamtoa. Hakuna aliyeomba arudishwe kutoka Ecuador, muda wote huo alikuwa Uingereza.