Gundi ya mbao katika kazi za wingi: dhana potofu na ukweli wake

Katika karakana zinazotengeneza meza na milango kwa wingi, kama zile za Keko jijini Dar es Salaam, dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba gundi ikiwa nyingi kiungo huwa imara zaidi. Ukweli ni kwamba kinachotakiwa ni utando mwembamba uliofunika ubavu wote wa ubao bila kuacha sehemu kavu, na kwa gundi nyeupe ya kawaida gramu 150 hadi 200 hutosha mita moja ya mraba. Vitone vidogo vikijipanga kwenye mstari wa kiungo baada ya kubana, kipimo kimetosha; gundi ikichuruzika hadi sakafuni, fundi amelipia kitu ambacho atalipia tena kukikwangua.

Wengine huamini kwamba kasi hutokana na wepesi wa mkono, yaani kupaka ubao mmoja mmoja kwa kidole au kijiti. Kasi ya kweli iko kwenye mpangilio. Mbao za uso wa meza zenye upana unaolingana husimamishwa kwa ubavu, hukusanywa zikagusana kama ubao mmoja mpana, kisha rola ndogo hupitishwa juu ya zote kwa pamoja, kwa kuwa upande mmoja wa kila kiungo ukipakwa vizuri unatosha. Ubao mmoja lazima utolewe kwenye fungu kabla ya kupaka, maana mbao tano zina viungo vinne tu, jambo dogo ambalo husahaulika mara nyingi. Klampu, yaani vibano vya kushikilia mbao, nazo ziwe zimefunguliwa kwa kipimo mapema, kwa sababu gundi hii huanza kushika ndani ya dakika 5 hadi 10, na chini ya bati la moto mchana muda huo hupungua zaidi.

Ni hapo ndipo baadhi ya mafundi huongeza maji ili gundi isikauke upesi. Kwa maoni yangu huu ndio uchumi mbaya kuliko wote, kwani maji hayo hupunguza kiasi cha gundi halisi kinachobaki kwenye kiungo na kuvimbisha mbao. Afadhali kazi ya kubandika ifanywe asubuhi.

Kukwaruza ubavu kwa msasa mzito nako hakusaidii: gundi hushika vyema pale paliporandwa karibuni na panapogusana sawasawa.

Mwisho, si kweli kwamba klampu lazima zibaki hadi kesho yake, dhana inayozifunga klampu bure wakati oda zinasubiri. Kwa kiungo kisicho na nguvu inayovuta mbao ziachane, dakika 30 hadi 60 kwa kawaida hutosha, ila ubao usirandwe wala kubebeshwa mzigo kabla ya saa 24: unyevu wa gundi huvimbisha mbao karibu na kiungo, na ukirandwa ungali umevimba, baadaye hunywea na kuacha mfereji unaoonekana wazi chini ya vanishi.