Atua wa Wamaori: miungu iliyo wazee wa ukoo

Neno la Kimaori "atua" tumezoea kulitafsiri "mungu". Linatosha kwa kuanzia, lakini linaficha jambo ambalo sisi tunaofundisha mila za watu tungependa lieleweke kwanza: kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, atua ni jamaa. Whakapapa, yaani nasaba, humpandisha mtu kutoka kwa babu zake hadi kwa mbingu na ardhi zenyewe.

Ranginui, baba mbingu, na Papatuanuku, mama ardhi, walikumbatiana gizani, watoto wao wakibanwa katikati. Watoto wakafanya shauri. Tumatauenga, atua wa vita, alitaka wazazi wauawe. Tane, atua wa misitu, akasema watenganishwe tu. Ndugu wengine walijaribu wakashindwa. Ndipo Tane akalala chali, mabega kwa mama, nyayo kwa baba, akasukuma kwa miguu, polepole kama mti unavyokua, mpaka mwanga ukaingia. Ndiyo maana mti mrefu ni Tane mwenyewe, kichwa chini na miguu juu. Mvua ni machozi ya Ranginui. Ukungu ni pumzi za Papatuanuku akimlilia mumewe.

Tawhirimatea, atua wa upepo, hakukubali utengano ule. Aliwapiga nduguze kwa dhoruba: miti ya Tane ikavunjika, Tangaroa, atua wa bahari, akakimbilia baharini, Rongo wa viazi vitamu na Haumia wa mizizi ya mwituni wakafichwa na mama yao udongoni. Tumatauenga peke yake alisimama. Kwa kuwa nduguze walimwacha, aliwageuza chakula, na binadamu tukarithi haki hiyo. Ila anayeliwa bado ni ndugu! Hivyo kwa desturi mti hukatwa baada ya karakia, maneno ya dua, na samaki wa kwanza hurudishwa kwa Tangaroa.

Masimulizi hayafanani kila mahali. Kabila la Ngai Tahu wa kisiwa cha kusini husimulia kwamba Papatuanuku alikuwa kwanza mke wa Tangaroa.

Neno "whenua" lina maana mbili, ardhi na kondo la nyuma, na kondo la mtoto huzikwa katika ardhi ya ukoo wake. Msomaji anayesema kwao ni pale kitovu chake kilipozikwa hahitaji maelezo zaidi. Undugu huo umefika hata bungeni: mwaka 2017 sheria iliutambua mto Whanganui kuwa nafsi yenye haki zake.

Katika msitu wa Waipoua, kaskazini, umesimama mti wa jamii iitwayo kauri, nao huitwa Tane Mahuta, urefu wake kama mita 50, mzunguko wa shina zaidi ya mita 13. Miti ya kauri inakabiliwa na ugonjwa unaosafiri na udongo na kuozesha mizizi, pale hasa penye kichwa cha Tane. Kwa hiyo kila anayekwenda kumwona husugua viatu vyake kwa brashi na kuvitia dawa kabla ya kukanyaga njia ya msituni.