Mashine ya kupima virusi si kile kipimo cha mistari miwili

Kuna kauli inayozunguka sana Kisumu na Siaya: "Mtoto alipimwa haraka, akapatikana nayo," yaani HIV. Ukiuliza umri wa mtoto, miezi minne. Ukiuliza alipimwa kwa kipimo gani, msemaji anashangaa swali lenyewe, kwani kwake chochote kinachotoa jibu siku hiyohiyo ni kipimo cha haraka.

Mashine inayochanganywa hapa na kipimo cha haraka ni ile inayokaa kwenye kituo cha afya chenyewe na kutafuta vinasaba vya virusi ndani ya damu. Mhudumu hutia damu kwenye katriji (kikasha kidogo chenye dawa za kupimia), huichomeka, na kazi iliyobaki mashine huifanya yenyewe. Huvunja virusi, hutoa vinasaba vyao viitwavyo RNA, huvigeuza kuwa aina nyingine, DNA, kisha huipasha moto na kuipoza mara nyingi. Kila mzunguko nakala huongezeka maradufu. Mizunguko 30 ikienda sawasawa, nakala moja huwa zaidi ya bilioni. Hiyo ndiyo PCR, aliyoibuni mkemia Kary Mullis mwaka 1983. Mashine iitwayo GeneXpert hutoa jibu la HIV kwa takriban saa moja na nusu, nyingine iitwayo m-PIMA chini ya saa moja. (GeneXpert wengi bado huiita mashine ya TB. Ni kweli ilianza kujulikana kwa TB, lakini ukibadilisha katriji inapima kingine.)

Kile cha kudungwa kidole, chenye mistari miwili, hakitafuti virusi kabisa. Kinatafuta kingamwili, ambazo mwili huziunda baada ya virusi kuingia. Kimoja kinaona nyayo za fisi, kingine kinamwona fisi mwenyewe. Na kwa mtoto mchanga nyayo zinaweza kuwa za mama yake: kingamwili za mama mwenye HIV hupita kwenye kondo la nyuma zikaingia kwa mtoto, na zinaweza kubaki mwilini mwake hadi miezi 18. Mtoto asiye na kirusi hata kimoja anaweza kuonyesha mistari miwili. Nyumba ngapi zimelia matanga ya mtoto mwenye afya kwa sababu hiyo?

Ndiyo maana Kenya mtoto aliyezaliwa na mama mwenye HIV hupimwa PCR akiwa na wiki 6, miezi 6 na miezi 12, kisha kingamwili akifika miezi 18. PCR ya kwanza ikitoka safi, safari bado, kwa kuwa ananyonya, na virusi vinaweza kupita kwenye maziwa. Zamani damu ya kisigino ilikaushwa kwenye karatasi na kusafirishwa hadi maabara kubwa kama ile ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Alupe, Busia, na majibu yangeweza kuchukua wiki nyingi. Kusubiri huko kulikuwa na gharama yake: bila matibabu, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na HIV hufariki kabla ya miaka miwili. Mashine ikiwa kituoni, mama anaweza kupata jibu na dawa ya mtoto kabla hajapanda matatu ya kurudi nyumbani.

Kosa hilihili hugeuka upande wa watu wazima, na hapo linanitisha zaidi. Mtu anayemeza ARV vizuri anapimwa wingi wa virusi, anaambiwa LDL, anarudi kijijini akitangaza kwamba mashine imesema hana. LDL maana yake ni kwamba virusi vimepungua chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kuviona. Vingine vimejificha ndani ya seli, na akiacha dawa vitarudi. Akidungwa kidole siku hiyohiyo, mistari itakuwa miwili. Vipimo havijapingana, kila kimoja kimejibu swali lake.

Kwa hiyo mkwe au jirani akisema mtoto mchanga "amepatikana nayo", muulize kwa upole: ni kingamwili au ni PCR? Kama ni kingamwili, hajapimwa virusi bado, na aliye naye amrudishe kliniki kesho asubuhi.